Kamba ya Ngoma ya Kwamsalu

Kamba ya ngoma haikatwi upande mmoja.

Ndivyo alivyowaambia katekista leo asubuhi mlipokuwa mnagombana mbele ya sakristia. Halafu akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake kunywa chai. Nanyi mmekuja kwangu, mmesimama hapo mlangoni kama kuku waliofukuzwa na mvua, mnataka kujua alikuwa na maana gani. Ingieni. Nyote, wa sauti ya kwanza na wa sauti ya pili, na ninyi wapiga ngoma mnaokaa mbalimbali kana kwamba hamjuani. Na huyo aliye karibu na ungo wa maharage ayachambue huku anasikiliza, mikono isikae bure.

Msemo huu haukutoka mbali, wala si wa wahenga ambao hakuna aliyewaona. Ulizaliwa hapa hapa Kwamsalu, Jumapili moja, kati ya saa tatu asubuhi na chakula cha jioni. Mimi nilisimuliwa na mama mkwe wangu, Skolastika. Kila aliposimulia alikuwa akikunja na kukunjua pindo la khanga yake, kama mtu ambaye bado hajui mambo yatakwishaje, ingawa yalikwisha miaka mingi. Sikilizeni ulivyoanza.

Huko mnakoona leo mashamba ya mahindi, kuanzia kisimani hadi ng'ambo ya reli, palikuwa na mkonge mtupu, mistari kwa mistari. Wakataji waliletwa kwa malori kutoka mbali, kwa mkataba. Kambi ya Juu walikaa watu wa Ziwa, wengi wao Wakerewe. Kambi ya Chini walikaa watu wa Kusini, Wamwera na jamaa zao. Walikata mkonge pamoja, wakapanga foleni moja ya posho, lakini jioni kila mtu alipanda au alishuka kwake. Hawakuwa maadui. Walitaniana tu, na utani usipochungwa huota meno.

Wote walikuwa Wakristo wa dhehebu moja, waliobatizwa huko kwao. Ungedhani hilo lingetosha. Kila kambi ilijenga kibanda chake cha kusalia, na kila kambi ilikuwa na ngoma yake ya kuwaita watu kwenye sala, maana kengele haikuwapo. Padre alikuja mara moja katika miezi mitatu. Alitoka misheni kwa pikipiki, akaiacha ng'ambo ya mto Luhindo, akavuka kwa mtumbwi.

Basi safari moja alipofika ng'ambo alisikia ngoma mbili zinalia kwa wakati mmoja, moja ikimwita juu, nyingine ikimwita chini. Huku kivukoni wanaume walikuwa wanasukumana kugombea nani ampokee, wengine wameshika visu vya mkonge. Padre hakuvuka. Alimwambia mwenye mtumbwi, "Kawaambie hivi. Safari ijayo nitasimama hapa hapa. Nikisikia ngoma moja inayopigwa na wote, nitavuka. Nikisikia mbili, au nisiposikia kitu mpaka saa sita, nitaendelea na safari. Kuna watu kwingine wananingoja." Akapiga ishara ya msalaba kuelekea kwao, akawasha pikipiki, akaondoka.

Miezi mitatu hiyo iliyofuata ndiyo iliyomla Skolastika.

Alikuwa binti wa Mzee Chilumba wa Kambi ya Chini. Alikuwa amependana na Lugeye, kijana wa Kambi ya Juu, na wakapata mtoto kabla ya ndoa. Nasema kama ilivyokuwa. Dhambi iliyoungamwa haina haja ya kuvishwa nguo. Mtoto huyo, wa miezi mitano wakati ule, ndiye marehemu mume wangu Deusdediti, Mungu ampumzishe. Kwa hiyo msiniulize kwa nini hadithi hii haitoki moyoni mwangu.

Mzee Chilumba alikuwa amemaliza mkataba wake. Lori la kuwarudisha watu wa Kusini lilipangwa kuja Jumanne, siku mbili baada ya Jumapili ya Padre. Aliwaita Lugeye na binti yake, akawaambia bila kupandisha sauti, "Kijana, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini sitamwacha mwanangu huku ugenini kwa mtu aliyemchukua kwa maneno ya mdomoni. Padre akivuka, nitamkabidhi kwako kwa mkono wangu mwenyewe. Asipovuka, Jumanne Skola anapanda lori pamoja nami, na mtoto wake."

Lugeye akasema, "Baba, na mimi nikiwafuata?"

"Mkataba wako umebaki mwaka na nusu. Ukitoroka utafungwa. Tuombe Mungu Padre avuke."

Hapo ndipo mambo yote yalipotundikwa kwenye ngoma. Ngoma ikilia, ndoa. Ngoma isipolia, lori.

Wazee wa kambi zote mbili wakakubaliana itengenezwe ngoma moja mpya yenye nyuso mbili. Mzee Chilumba, aliyekuwa mchongaji, akachonga gogo la mninga. Kuwamba wakamwachia Mzee Bulemo wa Ziwa, kwa sababu ndiye aliyepata ngozi ya ng'ombe nzuri, naye akawamba kwa desturi ya kwao. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kusini ngozi hushikwa na mambo, yaani vijiti vigumu vinavyopigiliwa kwenye ubao kuzunguka uso. Kila uso una mambo yake. Ukiyang'oa ya uso huu, uso ule unaendelea kulia kama kawaida. Lakini watu wa Ziwa hufunga kwa kamba ya ngozi. Mzee Bulemo alikata ngozi kwa kuizunguka, kama unavyomenya chungwa bila kukatisha ganda, akapata kamba moja ndefu. Akaipaka samli ili isikauke, akaipitisha toka uso huu hadi uso ule, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ngoma nzima. Kamba moja tu. Nyuso mbili zilikuwa zinavutana kwa kamba hiyo hiyo.

Mzee Chilumba hakukaa kutazama kazi hiyo. Alikuwa amemaliza yake. Na mwanawe Bonifasi, kaka yake Skolastika, naye hakutazama.

Wakaipandisha kwenye kiwanja cha mizani, pale palipopimwa matita ya mkonge, katikati ya kambi mbili. Ukisimama pale uliuona mto chini na njia ya Padre upande wa pili. Ngoma ikalazwa juu ya panda mbili za mti. Uso mmoja ukawa wa Ziwa, wa kupigwa kwa fimbo. Mwingine ukawa wa Kusini, wa kupigwa kwa viganja. Watu wa Kusini wakainyunyizia unga mweupe. Watu wa Ziwa wakaifunika shuka, wakasema ngoma ya sala lazima ilale siku moja kimya kabla ya kusema, na asiiguse mtu. Katekista wa wakati ule, mtu wa akili, akanyunyizia maji ya baraka juu ya unga na juu ya shuka, akamaliza.

Jumamosi mchana, kabla ya kufunikwa, ikazuka fitina ya uso upi uelekee mtoni. Mpigaji wa Ziwa alikuwa Mazigo, ndugu yake Lugeye, mtu wa kifua kipana na mdomo mpana zaidi. Mpigaji wa Kusini alikuwa Bonifasi.

Mazigo akasema, "Uelekee wetu. Ninyi ngoma hampigi, mnaipapasa. Kama mnakanda unga."

Watu wakacheka. Bonifasi naye akajibu, "Afadhali sisi. Ninyi mnaipiga kama mmemwona nyoka chumbani."

Wakacheka tena, na kama ingeishia hapo leo tusingekuwa na msemo. Lakini Mazigo alikuwa mtu asiyejua mahali pa kuacha. Skolastika alikuwa anapita na mtoto mgongoni. Mazigo akamtazama, akasema kwa sauti ya kusikika, "Na wewe shemeji usihangaike sana na ngoma. Wewe kwetu ulikwisha kuja bila ngoma."

Safari hii hakucheka mtu. Skolastika akaendelea kutembea kana kwamba hakusikia. Bonifasi alisikia kwa niaba yake.

Mchana ule ule, watu wote walipokwenda kwenye posho, Bonifasi alirudi kiwanjani peke yake. Msidhani alitaka kuvunja ndoa ya dada yake. Alimpenda. Alitaka Padre avuke, tena alitaka avuke kwa kuitwa na uso wa Kusini peke yake, huku Mazigo akipiga fimbo zake kwenye ngozi iliyolegea mbele ya kambi nzima, aibu imtoe jasho. Akafunua shuka, akakata kamba karibu kabisa na uso wa Ziwa. Akaondoa kipande cha urefu wa mkono ili isiungike kwa haraka, akakitupa kwenye mkonge. Ncha mbili akazichomeka chini ya kamba nyingine zisionekane. Akafunika. Moyoni mwake alikuwa ameng'oa mambo ya uso mmoja.

Jioni alikwenda kwa dada yake, akamchukua mtoto aliyekuwa analia tangu asubuhi. Mtoto akashika kidole gumba cha mjomba wake, akakitia mdomoni, akanyamaza, akakinyonya mpaka akalala. Skolastika alipomchukua, akasikia harufu kwenye mkono wa kaka yake. Samli. Na Kambi ya Chini hawakuwa na samli, hata kijiko.

Angesema nini? Hakujua alichokijua. Lakini hakulala vizuri, alikuwa akiamka na kukaa, akiamka na kukaa, mpaka baba yake akamuuliza kama ana homa.

Jumapili saa tatu kambi zote mbili zikakusanyika kiwanjani. Wanaume wamevaa mashati yaliyofuliwa, wanawake wamebeba watoto, Skolastika amevaa gauni jeupe la kuazima lililombana mabegani. Muda si mrefu wakakiona kitu cheupe ng'ambo ya mto. Padre na kanzu yake. Alisimama, kama alivyosema.

Mzee Bulemo akaondoa shuka. Mazigo na Bonifasi wakaanza.

Mwanzoni ngoma ililia vizuri sana. Mama mkwe alisema sauti zile mbili, fimbo na kiganja, zilimpita kifuani akadhani yamekwisha. Lakini kamba iliyokatwa haiachi mara moja. Kila pigo lilikuwa linaitoa kidogo, tundu kwa tundu, kuzunguka ngoma, na samli ikaisaidia kuteleza. Kwanza uso wa Ziwa ukawa mzito. Mazigo akakunja uso, akapiga kwa nguvu zaidi, na nguvu zake zikaharakisha. Bonifasi akainamisha kichwa ili asionekane anatabasamu. Halafu chini ya viganja vyake mwenyewe ngozi ikaanza kukunjamana. Akapiga, ikaita kwa sauti ya chini. Akapiga tena, ikatoa sauti ya gunia lenye maji.

Kisha kimya. Kutoka nyuso zote mbili.

Mzee Bulemo akapitisha vidole kwenye kamba, akazifikia zile ncha mbili, akazivuta nje, watu wote wakaziona. Akavua kofia.

"Ngoma imekufa," akasema. "Ngoma iliyokatwa kwetu huliliwa, haiungwi. Asiiguse mtu."

"Imekatwa na nani?" akauliza Mzee Chilumba.

"Nani tena?" Mazigo akasema. "Hii ni kazi ya kisu cha mkonge."

"Kwani kambi yenu hamna visu vya mkonge?"

"Sisi tukate ngoma yetu wenyewe? Mzee, sisi si wendawazimu!"

"Yetu wenyewe! Mmesikia? Gogo nimechonga mimi, mikono hii, leo yenu wenyewe!"

Wanaume wakaanza kurudi nyuma kila upande, na mtu anayerudi nyuma wakati kama ule hakimbii, anakwenda kuchukua kitu. Wanawake wakawaita watoto wao kwa majina. Huko chini, ng'ambo, kile kitu cheupe kilianza kutembea huku na huku ukingoni.

Skolastika hakutazama wazee. Alimtazama kaka yake. Bonifasi alikuwa bado amesimama mbele ya uso wa Kusini, anaugusa kwa kiganja, anaondoa, anaugusa tena, kama mtu anayempima homa mgonjwa. Midomo ilikuwa inacheza. Skolastika akasogea karibu akasikia anachosema.

"Lakini huku sikukata," Bonifasi alikuwa anajiambia. "Huku mbona sikukata."

Basi akajua. Fikirini alivyosimama pale. Akinyamaza, Padre anaondoka na Jumanne ni lori. Akisema, kaka yake anakatwakatwa mbele yake. Mtoto mgongoni alikuwa anajinyonganyonga. Akakaza mbeleko, akaingia katikati ya wanaume, akashika ncha moja ya kamba.

"Skola! Toka hapo!" baba yake akafoka.

"Mwanamke hagusi ngoma," akasema Mzee Bulemo.

"Sijagusa ngoma, baba. Nimegusa kamba. Na kama mnasema ni msiba, msiba haumfukuzi mwanamke." Akamgeukia Bonifasi. "Kaka, njoo ushike hapa."

"Mimi?"

"Wewe. Jana mtoto alinyonya kidole chako mpaka akalala. Kilikuwa kitamu. Njoo ushike."

Waliokuwa karibu wakaitazama ile kamba inayong'aa samli, wakamtazama Bonifasi. Bonifasi angeweza kukimbia, mkonge ulikuwa hatua kumi kutoka pale. Hakukimbia. Alikuja akaishika ile ncha.

"Ni mimi niliyekata," akasema. "Nilikata uso wenu. Sikujua kuwa ni wetu pia."

"Hukujua!" Mzee Bulemo akashangaa. "Kwetu mtoto wa miaka mitano anajua."

"Kwetu hajui hata mzee," akasema Mzee Chilumba polepole. "Sisi tunapigilia mambo." Naye akainama, kwa mara ya kwanza akaifuata ile kamba kwa macho, toka uso huu hadi uso ule, na kurudi.

Mazigo alikuwa ameinua fimbo. Skolastika akamgeukia kabla haijashuka. "Shemeji, na wewe shika ncha hii nyingine."

"Mimi? Mimi ni mpigaji, si ng'ombe wa kukokota."

"Jana uliniambia nimekuja kwenu bila ngoma. Leo nataka nije na ngoma. Shika."

Bibi mmoja wa Ziwa akacheka, akasema, "Mazigo, leo umempata wa kukunyoa." Mazigo akatazama huku na huku, akaona hata watu wake wanamtazama yeye na si Bonifasi. Akaweka fimbo chini. Akashika.

Walijaribu kwanza kuunga kwa kamba ya mkonge, maana mkonge ndio waliokuwa nao kama mchanga. Fundo likafungwa, ngoma ikapigwa mara tatu, fundo likateleza kwa sababu ya samli. Wakafunga tena, likateleza tena. Jua lilikuwa limefika utosini, na ng'ambo Padre alikuwa amekwisha kuifikia pikipiki yake.

Hapo Mzee Bulemo akatupa kofia yake chini. "Mungu atanisamehe," akasema, "na babu zangu nitawaeleza mwenyewe." Akapiga magoti. Akaanza kuivuta kamba, tundu kwa tundu, kuzunguka, akiirudisha mahali pake, huku akiwapigia kelele vijana wa Kusini wafuate upande wa pili, "Vuta! Usiachie! Wewe wa shati jekundu, vuta kama unavyokula!" Mpaka mlegeo wote ukafika kwenye zile ncha mbili. Wakapaka majivu viganja vya Bonifasi na Mazigo, wakawazungushia kila mmoja ncha yake mkononi. Wakakaa chini ardhini, wakitazamana, magoti yamegusana, kila mmoja ameweka unyayo wake kwenye gogo. Wakavuta.

Nyuso zikakaza. Lakini nani apige? Wapigaji wote wawili walikuwa wameshika kamba.

Lugeye akaokota fimbo za Mazigo. Mzee Chilumba akatazama mtoni. Pikipiki ilikuwa inanguruma, walisikia. Akakunja mikono ya shati, akasimama mbele ya uso wa Kusini, akamwambia Lugeye, "Nifuate. Usinipite."

Wakapiga.

Mama mkwe alisema sala zote alizokuwa anazijua zilimtoka kichwani, ikabaki moja tu, nayo ilikuwa maneno mawili: wasiachie, wasiachie. Pikipiki iliendelea kunguruma. Hakuna aliyejua kama Padre alikuwa anasikia chochote juu ya kelele ile. Mazigo alikuwa anatetemeka mabega. Kamba ilikuwa imemwingia Bonifasi kwenye nyama ya kiganja, majivu yamegeuka mekundu.

"Achia kidogo upumzike," Mazigo akamwambia kwa meno yaliyoumana, "halafu uone."

"Anza wewe."

"Wewe ndiye mwenye kisu."

"Na wewe ndiye mwenye mdomo. Vuta!"

Halafu ile ngurumo ikakatika. Kitu cheupe kikasimama kando ya pikipiki muda mrefu, mrefu mno, kama mtu anayesikiliza kama ngoma ni moja au ni mbili. Kisha kikashuka kwenda kwenye mtumbwi.

Watu wakapiga vigelegele, lakini Mzee Chilumba akapaza sauti, "Bado! Mpaka afike!" Wakaendelea kupiga muda wote wa kuvuka na muda wote wa kupanda mlima. Saa sita ilikuwa imekwisha kupita Padre alipoingia kiwanjani, kanzu imelowa hadi magotini. Akakuta mzee na kijana wanapiga ngoma huku jasho linawatiririka, na chini yao wanaume wawili wamekaa wamefungwa kamba mikononi.

"Nani amewafunga hawa?" akauliza.

"Hajatufunga mtu, Padre," akajibu Mazigo. "Tukiachia tu, wewe unarudi."

Padre akazunguka ngoma yote, akaiona kamba, akaviona viganja vyao. Hakuhubiri siku ile. Alisema mahubiri amekwisha kuyakuta. Akawaruhusu waachie, wakashindwa. Vidole vilikuwa vimekakamaa, wanawake ikabidi wavifungue kimoja kimoja kwa maji ya moto, wa Ziwa wakimfungua Bonifasi na wa Kusini wakimfungua Mazigo, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wamesimama. Misa ikasomwa pale pale kiwanjani. Mzee Chilumba akachukua mkono wa binti yake, akautia katika mkono wa Lugeye, akasema, "Nilikuambia kwa mkono wangu mwenyewe." Mkono huo ulikuwa umevimba kwa kupiga.

Jioni walipokuwa wanakula, Bonifasi alikuwa amekaa kando, bandeji mikononi, hali kitu. Baba yake akamfuata. Watu walidhani atampiga. Alikaa karibu naye, akamlisha tonge la ugali, maana mikono haikuweza, akamwambia kwa sauti ambayo wote waliisikia: "Umetufundisha kitu, mwanangu, kwa bei mbaya. Kamba ya ngoma haikatwi upande mmoja."

Kesho yake watu wa Kambi ya Juu walikuwa wanaambiana mstarini. Siku ya tatu kambi zote mbili zilikuwa zinasema.

Jumanne lori lilikuja. Mzee Chilumba akapanda bila binti na bila mjukuu, akatazama mbele asigeuke, na Skolastika alisema hilo ndilo lililomliza kuliko yote. Bonifasi alibaki, akaomba mkataba mwingine. Yeye na Mazigo hawakuwa marafiki, nisiwadanganye. Mpaka uzee wao waligombana juu ya kila kitu, kuku, mpaka wa shamba, chumvi. Lakini sikukuu ikifika walikwenda wote wawili kuitazama ile kamba kabla ngoma haijapigwa, wala mmoja hakwenda bila kumpitia mwenzake.

Ngoma hiyo ndiyo iliyoko sakristia. Ndiyo, hiyo hiyo. Mkiitazama vizuri mtaona mahali ambapo kamba ni nyeusi kuliko pengine, urefu wa mkono. Kipande hicho kilitiwa baadaye na Mzee Bulemo, akakiwekea fundo lisiloteleza ambalo hakumfundisha mtu.

Sasa nimesikia kwamba asubuhi hii ninyi wa kwaya ya zamani mlisema hawa waliohamia juzi hawajui mapigo yetu, wasiiguse ngoma siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango chetu. Na nimesikia kwamba fimbo za ngoma hazionekani. Zimepotea zenyewe, eti zimeota miguu. Mimi simtazami mtu. Maharage yenyewe nayatazama, nayo yamechambuliwa vizuri, isipokuwa mtu mmoja hapa amekuwa akichambua kwa mkono mmoja tangu aingie, mwingine ameuficha ndani ya koti.

Mwanangu, toa tu. Weka hapo mezani. Haya. Fimbo hizo ukizificha, utakuwa umeunyima kulia uso wa nani?

Basi nendeni wote kwa katekista, wa zamani na wageni, mtanguliane msitanguliane, lakini mfike pamoja. Mwambieni afungue sakristia. Akiwauliza mmejifunza nini, mwambieni mnajua sasa kwamba kamba ya ngoma haikatwi upande mmoja.